Swali la Kwanza kwa Wifi

Msichana anayengoja posa hujiandaa kwa mambo mengi, lakini Warda binti Zuberi hakujiandaa kwamba swali la kwanza atakalomuuliza wifi yake mkubwa litakuwa hili: "Je, una mimba?"

Tuanze na nguo, maana mwenyewe angependa tuanzie hapo. Ulikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nne. Warda alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, hapo hapo Doha alikokulia, akisomea upigaji picha za eksirei, na muhula ule walikuwa wamepelekwa fildi, mafunzo ya kazini, kila mwanafunzi na kliniki yake. Alivaa sare ya buluu iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe, mtandio mweupe, na kifuani beji ndogo ya kupimia mionzi. Beji ile aliipenda kuliko kidani. Akipita dukani chini ya nyumba yao, kule Fereej Bin Mahmoud, Mhindi wa Kerala mwenye duka humwita "daktari", naye humsahihisha pale pale kwamba yeye si daktari, ni mpiga eksirei, na hilo linamtosha. Alikuwa na maringo, ndiyo. Binti wa dereva kasoma hadi kafika pale, asiporinga yeye aringe nani?

Alhamisi moja asubuhi mlango wa chumba cha eksirei ulifunguliwa akaingia Makame. Makame huyu alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi wa ujenzi wa mji mpya wa Lusail, mrefu, mpole, mwenye tabasamu la kuchelewa ambalo huanzia kwenye macho kabla halijafika mdomoni. Kwa muda mrefu yeye na Warda walionana kwa adabu zote, mbele za watu, kwenye maulidi na harusi za Wazanzibari wa Doha. Mengine waliyamaliza kwa simu. Posa ilikuwa iletwe kesho yake, Ijumaa. Aliyetakiwa kuileta ni dada yake, Bi Time, aliyemlea Makame tangu mama yao alipofariki. Bi Time alifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya Waarabu, mapumziko yake ni Ijumaa tu, na Warda alikuwa hajapata kumwona ila kwenye picha.

Sasa yule mwanamke aliyeegemea bega la Makame, mkono kiunoni, uso umekunjamana kwa maumivu, ndiye Bi Time mwenyewe.

"Kateleza kwenye ngazi za marumaru akizipiga deki," Makame alisema. "Daktari kasema apigwe picha ya nyonga. Dada, huyu ndiye Warda."

"Nishamjua," Bi Time alisema. Alimtazama binti kuanzia mtandio hadi viatu, kisha akapanda tena juu. "Mashaallah. Mzuri kuliko picha."

Warda alimsaidia kupanda kitandani, akamwekea mto, na kila alipoinua kichwa alikutana na macho ya Makame, yamejaa fahari kana kwamba ile mashine, na kliniki, na msichana mwenyewe, vyote kavitengeneza yeye. Macho hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Kabla ya mwanamke kupigwa picha ya nyonga lazima aulizwe kama ana ujauzito, kwa sababu mionzi si salama kwa mtoto aliye tumboni. Huulizwa bi harusi, huulizwa mtawa, huulizwa kila ambaye umri wa kuzaa haujampita. Na kabla ya kuulizwa, waliomsindikiza hutolewa nje. Warda aliyajua hayo kama anavyoijua Alhamdu. Lakini siku ile alikuwa anapendwa waziwazi, mchana kweupe, na Makame hakutolewa.

"Bi Time, samahani, n'na swali moja la lazima," alisema. Kwa Kiswahili alikuwa hajapata kuliuliza hata siku moja. Alizoea kuliuliza kwa Kiingereza na Kiarabu, lugha ambazo maneno yake hayakuwahi kumuunguza ulimi. "Je, una mimba?"

Bi Time alikuwa mjane. Mumewe kazikwa Unguja zamani, na tangu siku hiyo hakuna mwanamume aliyeijua hata rangi ya nywele zake, seuze hilo aliloulizwa. Na mdogo wake wa kiume alikuwa amesimama pale pale, macho kayatupa sakafuni.

"Umesemaje?"

"Nauliza kila mwanamke, Bi Time. Ni kanuni ya kazi."

"Makame, niteremshe."

"Dada, ndivyo kazi yao ilivyo..."

"Niteremshe, nimesema. Sikuja huku kuvuliwa nguo mbele yako."

Alitoka akichechemea, bila picha, bila kugeuka nyuma. Makame alimtazama Warda mara moja tu mlangoni, kama mtu aliyekatwa na kisu chake mwenyewe, akamfuata dada yake. Jennifer, Mfilipino aliyekuwa mwalimu wa Warda pale kliniki, aliyaona yote kupitia kioo. Alingoja korido ikawa tupu, akamwambia kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba swali lilikuwa sahihi, ila mlango ungefungwa kwanza.

Kesho yake posa haikuja.

Aliyekuja ni Makame peke yake, baada ya alasiri, mikono mitupu. Mama yake Warda alikuwa Unguja akimuuguza bibi, kwa hiyo Mzee Zuberi ndiye aliyempokea, na sebuleni hakutoka. Asingewaacha wawili hawa peke yao hata nyumba ikiungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tulikungojeni na biriani mchana," Mzee Zuberi alisema. "Tumelila wenyewe. Lilikuwa zuri."

Makame alikaa ukingoni mwa kochi. "Nimekuja kuomba radhi, mzee. Dada kasusa."

"Kasusa posa au kasusa dunia?"

"Katoa masharti mawili. La kwanza, Warda aende akamwombe radhi, akiri kwamba alikosea kumuuliza. La pili, aiache hii kazi. Kasema mwanamke anayeshinda na mionzi hazai."

Warda alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai ya karaki, ya maziwa na hiliki. Aliliweka mezani polepole.

"Na wewe unasemaje?" aliuliza.

"Mie nasema tuanze na lile la kwanza. Maneno mawili tu, Warda. Sema ulipitiwa. Dada ndiye mama yangu. Mkono wangu ulipokuwa haujui njia ya mdomoni, yeye ndiye aliyenilisha."

"Nikisema nilikosea kuuliza, keshokutwa akija mwanamke mwingine nisimuulize?"

"Huyo mwingine si dada yangu."

"Huyo mwingine ni dada wa mtu."

Mzee Zuberi alikohoa kidogo, akachukua chai.

"Unamjua Kerubo, mke wa yule mlinzi Mkenya wa jengo la pili?" Warda aliendelea, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Alikuja kupigwa picha ya mgongo. Nikamuuliza kwa Kiingereza, akasema hana. Halafu akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Leo ukimwona, tumbo linafika mlangoni kabla yake mwenyewe. Na yeye nimwombe radhi?"

"Usinigombeze, Warda. Mie siko upande wa mtu."

"Hapo ndipo panaponiuma. Huko upande wa mtu."

Alikuwa mzuri akikasirika, na Makame, masikini, hata wakati ule aliliona hilo. Alitamani kuushika ule mkono uliokuwa pembeni ya sinia. Alikaa na mikono yake mapajani kama mtoto aliyeitwa ofisini na mwalimu mkuu.

"Nitakwenda," Warda alisema. "Nitamwomba radhi kwa kukuacha chumbani. Hilo ni kosa langu na limenikosesha usingizi. Lakini kwa swali lenyewe siombi radhi. Na kazi siachi. Kama lile la pili ni sharti la ndoa, lisemee hapa mbele ya baba yangu, nilisikie kwa kinywa chako."

Makame alimtazama Mzee Zuberi kama anayeomba msaada.

"Mie usinitazame, kijana," mzee alisema. "Nimeendesha magari ya watu nchi hii mpaka nywele zimegeuka rangi. Nimewapeleka watoto wa matajiri shule, wangu akienda kwa miguu kwenye jua hili, madaftari kichwani. Nilimwambia soma, akasoma. Mdomo uliomwambia soma hauwezi kumwambia acha."

Kijana aliinuka, akaaga, akaondoka. Chai yake ilibaki na utando juu.

Warda alilia. Tena alilia sana, maana maringo hayajapata kuzuia machozi ya mtu. Alimpenda Makame. Alipenda anavyongoja mtu amalize kusema ndipo aseme yeye, alipenda anavyowasalimia kwa majina wale vibarua wa basini ambao wengine huwaita kwa kupiga mbinja. Na sasa upole ule ule aliokuwa akiupenda ndio uliomfunga mdomo.

"Wanaume wako wengi, mwanangu," baba yake alisema kutoka upande wa pili wa mlango.

"Sitaki wengi, baba."

Mzee Zuberi akaenda kuosha vikombe.

Ijumaa iliyofuata Warda alimwomba baba yake ampeleke mtaa wa Najma. Siku zake za mapumziko Bi Time alizimalizia huko, kwenye chumba cha rafiki yake, ghorofa ya juu, juu ya duka la kushona. Mzee alibaki garini. Warda alipanda ngazi akijirudia maneno yake kimoyomoyo, na kila ngazi alitaka kugeuka.

Alimkuta peke yake, amelala ubavu kwenye mkeka, mto kauweka nyuma ya kiuno.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kuomba radhi kwa jambo moja. Makame ilitakiwa nimtoe nje, ndipo nikuulize. Sikumtoa. Nimekuaibisha mbele ya mdogo wako, naomba unisamehe."

"Na kuuliza kwenyewe?"

"Kuuliza sikukosea."

Bi Time alitoa pumzi puani. "Una kichwa kigumu."

"Ndiyo, Bi Time."

"Basi kaa kitako, shingo inaniuma kukutazama huko juu."

Warda alikaa kwenye mkeka. Chini, vyerehani vilikuwa vikilia.

"Unafikiri nilikasirika kwa sababu ya heshima yangu," Bi Time alisema. "Na mie ndivyo nilivyomwambia Makame. Lakini heshima yangu naijua, haiondoki kwa swali la mtoto wa shule." Alijigeuza kidogo, akaguna kwa maumivu. "Nilikaa na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, miaka chungu nzima, na swali hilo ndilo nililokuwa nikilitamani. Mwanzo wakiniuliza. Mama mkwe, mawifi, majirani. Kisha wakaacha. Unajua watu wanavyoacha? Wanakutazama tumbo, halafu wanatazama pembeni, wanakuuliza habari za kuku wako. Mume akafa. Nikaja huku kulea watoto wa watu. Nikasema, Time, hilo limekwisha. Halafu siku moja nimelala kwenye kitanda chako, mwili wote unawaka, msichana mbichi ananiinamia ananiuliza. Ananiuliza kwa kweli kabisa, kama vile naweza. Na huku kasimama Makame, mtoto pekee niliyempata."

Chuoni walimfundisha Warda majina ya mifupa yote ya binadamu, lakini hawakumfundisha aseme nini hapo. Aliuchukua mkono wa Bi Time, mkono mgumu, uliochubuliwa na sabuni, akaukumbatia kwa mikono yake miwili. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyaficha.

"Sikujua," alisema.

"Ungejuaje? Hata Makame hajui." Bi Time hakuuondoa mkono. "Ndiyo maana nikasema uache kazi. Nyumba isiyo na mtoto naijua ilivyo kimya. Sitaki mdogo wangu aisikie."

"Nikipiga picha nasimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi ndani yake, Bi Time. Mionzi haipiti. Beji yangu hupelekwa kupimwa, na ikionekana nimepata zaidi ya inavyotakiwa, mie ndiye wa kwanza kutolewa. Mwalimu wangu ana watoto watatu, wote kawazaa akiwa kwenye kazi hii hii." Aliona hapo asiseme zaidi ya anachokijua. "Mtoto siwezi kukuahidi. Mtoto anatoa Mungu. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba kazi haitaninyima."

Bi Time akafanya jambo ambalo Warda hakulitegemea hata kidogo, akacheka.

"Anavyosema mwenzio ni hivyo hivyo."

"Nani?"

"Makame. Alikuja katikati ya wiki hadi nyumbani kwa arbabu, tajiri wangu, akaniita mlango wa nyuma, mie na ndoo mkononi. Akaniambia, 'Dada, Warda simwachishi kazi. Twende tukampose pamoja na kazi yake, ama niende peke yangu nikafukuzwe na Mzee Zuberi. Lakini nitakwenda.' Anatetemeka, jasho linamtoka, ila anasema. Tangu azaliwe hajapata kunipinga. Nilimfukuza kama mbwa. Nikarudi jikoni, nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Halafu ndiyo nikajiambia, Time, kumbe umelea mwanamume."

Warda aliinamisha uso asionekane anavyotabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa kubwa, halikufichika. Kumbe alikuwa amesema. Kumbe siku zote zile alizokuwa akimlaumu mchana na kumlilia jioni, yeye alishakwenda kusimama kwenye mlango wa nyuma wa watu, akachagua upande.

"Kiuno vipi?" aliuliza, maana bila kuuliza kitu angelia tena.

"Hakilali wala hakiniachi nikalala."

"Njoo kesho. Mie nipo asubuhi."

"Nitaomba ruhusa," Bi Time alisema. "Wakininyima nitakuja hivyo hivyo."

Kesho yake aliletwa na Makame. Warda alikuwa amevaa sare yake, beji kifuani. Walipomlaza mgonjwa kitandani, Makame akataka kumwekea mto, na Warda akamtazama usoni bila kupepesa.

"Makame, toka nje, tafadhali."

Makame alitabasamu, macho kwanza, akatoka. Warda alifunga mlango mwenyewe. Nyuma ya kioo Jennifer alijifanya anasoma.

"Bi Time, n'na swali la lazima."

"Uliza."

"Je, una ujauzito?"

"Sina, mwanangu," Bi Time alisema, macho darini. Halafu, polepole, "Na ahsante kwa kuniuliza."

Warda alisema yale tu ambayo kazi inayataka. Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike. Akaenda nyuma ya ukuta, akabonyeza, na nyonga ya Bi Time ikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, nyeupe na safi, imepigwa vizuri kuliko picha yoyote aliyopata kuipiga. Jennifer aliinama kuitazama, akamgusa bega.

"Umeona nini?" Bi Time aliuliza.

"Daktari ndiye atakayekuambia."

"Hata mie huniambii?"

"Hata wewe."

"Kweli kichwa kigumu," Bi Time alisema, ila alivyolisema safari hii ilikuwa kama anaonyesha watu kitu chake.

Daktari alimwambia hakuna mfupa uliovunjika, ni misuli iliyoteguka, akampa dawa na kumwandikia mapumziko. Bi Time alikaa kwenye benchi la koridoni, mfuko wa dawa mapajani, Makame kando yake, akisema anapumua kidogo kabla ya kuteremka. Benchi lenyewe lilikuwa limetazamana na mlango wa chumba cha eksirei, na kupumua kwake kulichukua muda.

Aliyefuata aliitwa Wairimu, Mkenya wa kazi za hotelini, kaja na mumewe. Warda aliwapokea mlangoni, akamwomba mume asubiri nje.

"Asubiri nje ya nini?" Wairimu alisema, mkono umeshika fremu ya mlango. "Huyu ni bwanangu. Kwani unataka kuniuliza nini yeye hafai kuskia? Na wewe si ni student tu?"

Watu wa koridoni waligeuka. Warda alikuwa na jibu, na alikuwa amekwisha kulifungulia mdomo, lakini kuna aliyemtangulia.

"Ingia, mama, umjibu," Bi Time alisema kutoka kwenye benchi, kwa sauti iliyofika hadi mapokezi. "Atakuuliza swali moja. Litakuchoma kidogo. Mie lilinichoma nikakimbia na kiuno changu, nikakaa nacho wiki nzima kwa ujinga wangu. Mjibu. Anaijua kazi yake huyo. Huyo ni mke wa mdogo wangu."

Wairimu aliachia fremu ya mlango. Warda alisimama pale pale, mkono kwenye kitasa, masikio yamemwaka moto, na hakuthubutu kumtazama mtu mmoja aliyekuwa akimtazama yeye.

"Dada," Makame alinong'ona, "hata posa hatujaipeleka."

Bi Time alimgeukia taratibu, kiuno na vyote.

"Sasa unangoja nini hapa?" alisema. "Katie gari moto."